Kosa la programu, kosa la mtu: kutoka kwa mtumwa wa Roma hadi Kawangware

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa. Kuna aliyeniuliza kama kompyuta yangu imeharibika au ni mimi niliyeharibika. Nilikaribia kumjibu kwamba ni yote mawili.

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka kuwasimulia historia ndefu kidogo, inayoanza na mtumwa mmoja mlemavu wa mguu na kufika hapa kwetu Kawangware na kule Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Ila kabla ya historia inanibidi nikiri jambo, maana bila jambo hilo nisingeisoma historia yenyewe.

Kosa lenyewe

Kuna chama cha akina mama 23 hapa mtaani, wengi wao wauza mboga. Niliwaandikia programu ndogo ya kuweka hesabu za michango. Mama akilipa, mweka hazina anaingiza namba ya mwanachama, tarehe na kiasi. Kazi nyepesi kabisa. Mimi kwa haraka zangu nikaamua kwamba namba ya mwanachama pamoja na tarehe zinatosha kutambulisha kila malipo.

Ninyi mnaoandika programu nadhani mmeshashika kichwa. Muuza mboga hulipa anapopata. Akiuza vizuri asubuhi analeta mia mbili, na jioni anaongeza mia tatu. Kwenye programu yangu, yale ya jioni yalikuwa yanafuta yale ya asubuhi. Hakuna onyo, hakuna kelele. Rekodi inatoweka tu.

Desemba ikafika, wakati wa kugawana. Akina mama kadhaa wakaona majumla yao ni madogo kuliko walivyokumbuka. Mmoja akasimama kwenye mkutano akamwuliza mweka hazina, mbele ya wote, pesa amepeleka wapi. Mwingine akaunga mkono. Mweka hazina, mama wa makamo ambaye ameuza sukuma wiki pale stendi kwa miaka mingi, hakuwa na la kujibu. Kompyuta ilikuwa imeshasema.

Usiku ule nililinganisha hesabu za programu na taarifa ya benki. Benki ilikuwa na shilingi 18,450 zaidi ya zile programu ilizozijua. Hakuna aliyeiba. Pesa zote zilikuwepo. Kilichopotea ni kumbukumbu, na mstari ulioipoteza niliuandika mimi.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Nilijua ukweli saa tano usiku, na kwa siku tatu sikumwambia mtu. Nilizima simu. Nilimwambia mwenyekiti kwa ujumbe kwamba niko Nakuru, nami nilikuwa nimelala chumbani kwangu nikitazama mabati. Kichwani lilikuwa linazunguka neno moja: wewe ni bure. Miaka yote hii unajiita mtaalamu, kumbe ni bure. Na mtaa mzima ulikuwa ukimwita mama wa watu mwizi.

Usiku wa pili, badala ya kurekebisha msimbo, nilianza kusoma. Nilisoma ili kukwepa, tuseme ukweli. Lakini niliyoyasoma ndiyo haya.

Mtumwa wa Hierapolis

Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 katika mji wa Hierapolis, ambao leo ni magofu huko Pamukkale, Uturuki. Alizaliwa mtumwa, na hata jina lake kwa Kigiriki maana yake ni kitu kilichopatikana, kama unavyoweza kusema mali. Bwana wake huko Roma, Epaphroditus, mwenyewe alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Kaisari Nero. Epictetus alikuwa kilema wa mguu. Akiwa bado mtumwa aliruhusiwa kusoma kwa mwalimu Musonius Rufus, na baadaye akapata uhuru. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, Epictetus alihamia Nikopolis huko Ugiriki, akafungua shule.

Hakuandika kitabu hata kimoja. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenakili mafundisho yake, na ndiyo sababu tunayo leo. Fundisho kubwa ni hili: kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na kuna yasiyo mikononi mwetu, na taabu nyingi hutokana na kuchanganya hayo mawili. La pili, linaloshikamana na hilo, ni kwamba tukio peke yake halituvurugi. Katikati ya tukio na huzuni kuna hukumu tunayoipitisha sisi wenyewe, mara nyingi bila kujua.

Alikuwa na mfano wa mtu anayeoga upesi upesi. Ulichokiona ni upesi tu. Ukisema anaoga vibaya, umeongeza kitu ambacho macho yako hayakukiona. Nilipofika hapo nilisimama. Mimi nilichokiona ni malipo yaliyofutwa. Neno "bure" halikuwa kwenye kompyuta popote.

Watu waliofuata njia hiyo huitwa Wastoa. Mwingine maarufu ni Marcus Aurelius, ambaye alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Fikiria: mtumwa na mfalme wakitumia somo moja. Baada yao mafundisho haya yalibaki zaidi kwenye maktaba za wasomi kwa karne nyingi.

Mtu wa New York na neno "lazima"

Aliyeyaingiza hospitalini, kwa namna ya kusema, ni mwanasaikolojia Mmarekani, Albert Ellis, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1913 na kufariki New York mwaka 2007. Alikuwa mwoga wa wasichana kupita kiasi. Alipokuwa na miaka 19 aliamua kujitibu: kwa mwezi mzima alikwenda kwenye bustani ya mimea ya Bronx na kuanzisha mazungumzo na kila mwanamke aliyemkuta ameketi peke yake. Alisimulia kwamba alizungumza na wanawake 100. Akapata miadi na mmoja tu, na huyo hakutokea. Lakini hakuna aliyemwita polisi na ardhi haikumeza. Aligundua kwamba kukataliwa hakukuwa msiba, bali alikuwa amejiambia kwamba ni msiba.

Mwaka 1955 alianzisha tiba aliyoiita tiba ya kirazini, yaani tiba ya kutumia akili kuchunguza imani zetu. Hakuficha alikoitoa. Alimtaja Epictetus waziwazi, tena mara kwa mara. Hesabu yake ni rahisi kama programu ya mistari mitatu: A ni tukio, B ni imani yako kuhusu tukio hilo, C ni matokeo, yaani hasira, huzuni au hofu. Watu husema A imeleta C. Ellis alisema hapana, pitia B kwanza, ndiko hitilafu iliko.

Na katika B alikuta neno moja likijirudia: lazima. Lazima nifanikiwe. Lazima watu wanitendee vyema. Lazima maisha yawe rahisi. Kutaka kufanikiwa si tatizo. Tatizo linaanza pale ninapogeuza hamu kuwa sheria, kisha nikaivunja sheria niliyoitunga mwenyewe, kisha nikajihukumu.

Dawa yake aliiita kujikubali bila masharti. Kipime kitendo, usimpime mtu. Kitendo kina tarehe na kina ukubwa, unaweza kukipa alama. Mtu ni vitendo maelfu kwa maelfu, na vingine bado hajavitenda. Utampaje alama moja? Ellis alilichukulia jambo hili kwa uzito hata miaka ya 1970 akaandika upya baadhi ya vitabu vyake akiepuka kabisa kitenzi cha Kiingereza cha "kuwa", kile kinachomwezesha mtu kusema "mimi ni" kitu fulani.

Hapa Kiswahili kinatusaidia bure. Linganisha "nimekosea" na "mimi ni mkosaji". Katika "nimekosea" kuna "-me-" inayokuonyesha jambo limetendeka, lina wakati wake, na kesho unaweza kusema "nimerekebisha". Katika "mimi ni mkosaji" hakuna wakati. Ni jana, leo na siku zote. Wazee walishatuambia kwamba kuteleza si kuanguka, na wala hawakusoma Ugiriki.

Nairobi iliambiwa haiwezi kujilaumu

Sasa turudi nyumbani, maana kuna kisa hapa ambacho wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama hifadhi ya wagonjwa wa akili ya serikali ya kikoloni. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1951 aliandika makala akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba huzuni kubwa ya kiugonjwa ni nadra kwa Waafrika, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hana ile hisia ya kuwajibika binafsi inayomfanya mtu ajilaumu. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilimtumia huyo huyo kueleza saikolojia ya Mau Mau.

Soma tena polepole. Kwamba sisi hatujilaumu! Ningependa angepita chumbani kwangu Desemba ile.

Madai hayo hayakuwa maneno ya kejeli tu. Kama unaamini watu hawapati huzuni, hutawajengea huduma ya huzuni. Wala Kenya huru haikuharakisha kurekebisha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa wakoloni, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Yaani kwa miongo sita ya uhuru, mtu aliyekuwa amejihukumu tayari aliongezewa hukumu nyingine na serikali.

Kawangware, 2015

Miaka 60 na zaidi baada ya kile kitabu, WHO hiyo hiyo ilirudi Nairobi ikiwa na swali tofauti. Ilikuwa imeandaa mpango uitwao Problem Management Plus, kwa kifupi PM+. Mwaka 2015 ulijaribiwa katika maeneo ya Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji, ambako Kawangware ipo. Walioshiriki ni wanawake 421 waliokuwa na msongo mkubwa na waliowahi kufanyiwa ukatili kwa sababu ya jinsia yao. Nusu yao, kwa kupigiwa kura, walipata PM+ na wengine walipelekwa kwa wauguzi wa vituo vya afya.

Waliotoa huduma ya PM+ hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mtaani, waliofundishwa kwa siku nane hivi. Vikao ni vitano, kila kimoja dakika 90. Baada ya miezi mitatu, waliopata PM+ walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Ndani ya PM+ kuna nini? Kupumua polepole, kurudia shughuli ulizoziacha, kutafuta watu wa kukusaidia, na kushughulikia matatizo. Hilo la mwisho huanza hivi: taja matatizo yako, kisha uyatenge, yale unayoweza kuyatatua au kuyaathiri upande huu, na yale usiyoweza upande ule. Nilipoliona nilicheka peke yangu. Mtumwa wa Hierapolis amefika Kawangware!

Nisiwadanganye lakini. Waandaaji wa PM+ waliacha kwa makusudi ile sehemu ya Ellis ya kubishana na imani zako, kwa sababu ni ngumu kumfundisha mtu asiye mtaalamu kwa siku chache. Walichukua mbinu za vitendo. Kwa hiyo undugu upo, ila si mapacha.

Kibera, kwa vijana

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya wanajeshi Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Huko ndiko walikotoka wanafunzi 51 wa shule moja ya sekondari walioshiriki jaribio la mpango wa Shamiri, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Shamiri ni neno letu wenyewe, yaani kustawi. Mmoja wa waanzilishi ni Mkenya, Tom Osborn.

Wanafunzi hao walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Walikutana kwa makundi, saa moja kwa wiki, wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule ya upili juzi juzi. Hawakuambiwa kwamba ni wagonjwa. Walijifunza kwamba uwezo wa mtu hukua, kwamba kushindwa mtihani ni habari kuhusu mtihani ule, wakajifunza kushukuru, na kutaja mambo wanayoyathamini maishani. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Kundi la Shamiri lilipata nafuu zaidi. Jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lilichapishwa mwaka 2021 na likaonyesha mwelekeo huo huo.

Kwa wanaojua mfumo wetu wa elimu, ambapo alama moja ya KCSE hubandikwa kwa mtoto kama jina la pili, mtaelewa kwa nini somo hilo si dogo.

Pingamizi

Kuna atakayesema: rahisi kwako. Mwenye nyumba anafunga mlango kwa kufuli, maji ni ya kununua kwa mtungi, mume anapiga, na wewe unamwambia mama abadilishe mawazo?

Pingamizi hilo nalikubali kwa kiasi kikubwa. Mazoezi ya kupumua hayamfanyi mume mkali aache kupiga. Falsafa ya mtumwa inaweza kutumiwa na mabwana kuwatuliza watumwa, hilo nalo ni kweli. Lakini angalia kinachokubaliwa ni nini. Ellis hakusema ukubali mabaya unayotendewa. Alisema usijikatae wewe kwa sababu yake. Mwanamke aliyepigwa akajiambia "ni mimi mbaya" ana mizigo miwili. Ukimwondolea mmoja, anabaki na mikono ya kushughulikia ule mwingine. Na orodha ya PM+ ina pande mbili: upande wa mambo yanayoweza kutatuliwa haujawekwa pale kama pambo.

Siku ya nne

Narudi kwenye chama. Siku ya nne niliwasha simu. Si kwamba nilikuwa nimepona. Nilikuwa nimeona kitu kimoja tu: kwamba mdudu wa kwanza alikuwa kwenye programu, na wa pili alikuwa kwangu, na wa pili ndiye aliyemwumiza mtu. Niliamini lazima nisikosee. Kwa kuwa lazima nisikosee, sikuweza kusema nimekosea. Kwa kuwa sikuweza kusema, mtu mwingine akabeba. Wanaofikiri kujilaumu ni adabu wafikirie hapo. Siku tatu nilizojitukana hazikumsaidia yule mama hata kidogo.

Mkutano uliitishwa. Nilisimama nikasema kwamba pesa zote ziko benki, mweka hazina hajagusa hata shilingi, na hitilafu ni yangu. Nikaeleza jinsi malipo ya jioni yalivyofuta ya asubuhi. Kukawa kimya. Kisha mweka hazina akasema:

"Mambo ya kompyuta siyajui, mwanangu, na sitakulaumu kwayo. Lakini siku tatu?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nafungua kibanda watu wakinitazama."

Sikuwa na jibu. Hakuniambia si kitu, na nashukuru hakuniambia, maana kilikuwa kitu. Mwanachama mmoja, ambaye ni mhudumu wa afya wa jamii, alichukua karatasi akachora mstari katikati. Huku tunayoweza kufanya leo, kule tusiyoweza. Kurudisha siku tatu kukaenda kule. Kutafuta malipo yaliyofutwa kukaja huku.

Tukaanza kazi. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, huacha ujumbe kwa kila malipo, na mweka hazina hakuwahi kufuta ujumbe hata mmoja. Tulikaa Jumapili mbili, yeye akisoma, mimi nikiingiza. Shilingi 17,300 zikapata wenyewe. Zilizobaki, 1,150, zililetwa kwa pesa taslimu na hakuna anayekumbuka zilikuwa za nani. Chama kiliamua ziende kwenye mfuko wa dharura. Waliomwita mwizi walimwomba msamaha, wote isipokuwa mmoja.

Programu nimeirekebisha. Kila malipo sasa yana namba yake, na hakuna kinachofutwa bila kuacha alama. Mweka hazina ana mtihani wake: kila Jumapili analipa shilingi moja mara mbili, halafu ananigeuzia skrini nihesabu kwa sauti. Sijui ataacha lini, na sijamwuliza.

Haya wapendwa, tuonane tena majaliwa. Saa nane kuna mkutano na bado sijachaji kompyuta.